Sura ya Saba: Mkono Usioshika Bunduki

Msumari wa nyundo huingia kwa hatua. Pigo la kwanza huusimamisha, la pili na la tatu huuzamisha, na kati ya pigo na pigo fundi hupata nafasi ya kuona kwamba umeanza kulala upande, akaunyoosha au akaung'oa. Bunduki ya misumari haitoi nafasi hiyo. Ukishabonyeza, msumari umeshafika, iwe ni pale ulipoutaka au kwingine. Ndiyo maana kazi yote ya akili hufanyika kabla kidole hakijagusa triga, na swali la kujiuliza si unataka msumari uende wapi. Jiulize: ukipotea njia, utatokea wapi, na hapo pana nini?

Mara nyingi hapo pana mkono. Mwaka 2007, CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia afya ya jamii, ilichapisha hesabu za miaka ya 2001 hadi 2005. Kila mwaka watu wapatao 37,000 walitibiwa katika vyumba vya dharura vya nchi hiyo kwa majeraha ya bunduki za misumari. Kati yao wapatao 14,800 hawakuwa kazini; walikuwa watu wa kawaida wanaojitengenezea vitu nyumbani. Walioumia mikono na vidole walikuwa wengi kuliko walioumia sehemu nyingine yoyote ya mwili. Mkono ulioshika bunduki uko nyuma ya pua yake, kwa hiyo haupo njiani. Ulio hatarini ni ule mwingine, unaoshika ubao usiteleze, nao hukaa karibu kabisa na mahali msumari unapoingia. Karibu kila ninachoeleza katika sura hii, hata habari za aina za mbao, kinauhusu mkono huo.

Kwetu mashine hii imeanza kuzoeleka kwenye karakana. Pita Keko jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi utasikia kompresa zikinguruma na pini, yaani misumari myembamba ya bunduki hizi, zikilia mfululizo kwenye fremu za sofa. Kutoka huko inaingia majumbani: mtu ananunua bunduki ndogo na kompresa ya lita ishirini na kitu ili amalizie kabati lake mwenyewe. Ni jambo jema. Kazi ya siku nzima inakwisha asubuhi, ubao mwembamba haupasuki kwa mapigo, na mbao iliyokwisha kupigwa msasa haibaki na alama za nyundo. Ila fundi wa Keko ameanza akiwa mwanagenzi, ameona wenzake wakiifanya kazi hiyo kwa miaka. Wewe wa nyumbani unaanza na boksi na karatasi ya maelezo ambayo huenda hata haiko kwa lugha unayoisoma.

Ndani ya bunduki ya hewa kuna silinda, na ndani ya silinda kuna pistoni iliyounganishwa na ulimi mwembamba wa chuma. Ukibonyeza triga, valvu inafunguka, hewa iliyobanwa inaisukuma pistoni, ulimi unashuka na kuupiga msumari ulio wa kwanza kwenye foleni. Kisha pistoni inarudi juu, na springi ya magazini inasogeza msumari wa pili. Mbele kabisa, kwenye bunduki iliyotengenezwa vizuri, kuna kipande cha chuma kinachoingia ndani kikigandamizwa kwenye ubao. Hiyo ndiyo pua ya usalama: isipogandamizwa, triga haifanyi kazi. Baadhi ya bunduki ndogo za bei rahisi hazina pua hiyo kabisa, na zinafyatua popote zinapoelekezwa, hata hewani. Usinunue ya namna hiyo kwa matumizi ya nyumbani, hata ukipunguziwa bei.

Bunduki zenye pua ya usalama nazo hazilingani. Kuna zinazofuata utaratibu: lazima pua igandamizwe kwanza, ndipo triga ibonyezwe, na kwa msumari unaofuata unaanza upya. Hii ni triga ya mfuatano. Nyingine hukubali ushikilie triga muda wote, zikapiga kila pua inapogusa kitu. Hii huitwa triga ya mguso. Fundi anayepigilia sakafu ya mbao siku nzima anaipenda ya mguso kwa kasi yake. Ubaya wake uko kwenye mrusho. Bunduki ikishapiga hurudi nyuma kidogo, na mkono unaoisukuma kwa nguvu huirudisha mbele. Kama kidole bado kiko kwenye triga, pua inagusa tena na msumari wa pili unatoka bila mtu kuuagiza, nao mara nyingi hauangukii kwenye ubao bali kwenye kichwa cha msumari wa kwanza, au pembeni, ulipo mkono. Mtafiti Hester Lipscomb wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake, waliofuatilia wanagenzi wa useremala katika eneo la St. Louis, walikuta kwamba hatari ya kuumia kwa triga ya mguso ni kama mara mbili ya ile ya triga ya mfuatano. Kwangu mjadala unaishia hapo. Nyumbani hakuna kazi inayohitaji kasi ile.

Kuitambua ni rahisi. Weka kipande cha mbao nene sakafuni, unganisha hewa, elekeza bunduki chini. Bonyeza triga kwanza bila kugusa kitu, uishikilie, kisha gandamiza pua kwenye mbao. Ikifyatua, ni ya mguso. Ikikaa kimya, ni ya mfuatano. Kama imefyatua kabla pua haijagusa chochote, irudishe dukani siku hiyohiyo. Bunduki nyingine huja na swichi ya kuchagua kati ya namna hizo mbili. Hiyo iweke kwenye mfuatano na iache hapo.

Sasa, bunduki ipi kwa kazi ipi? Vitabu vingi vya ng'ambo vinazungumzia nyumba za mbao, ambamo kila ukuta una nguzo za mbao ndani na bunduki kubwa ya misumari ya milimita 50 hadi 90 ndiyo inayosimamisha nyumba. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za saruji zilizopigwa plasta. Bunduki ya pini haiingizi kitu humo: pini inajikunja au inaruka kama kibanzi. Ipo bunduki ya zege, inayotumia misumari minene iliyoandikwa ST kwenye boksi, lakini hiyo ni mashine ya fundi mzoefu, na kwenye ukuta wa nyumba inaweza kukutana na bomba la maji au waya wa umeme unaoshuka kwenda kwenye soketi. Ukitaka kufunga ubao kwenye tofali, toboa kwa drili, tia plagi, kaza skrubu. Dari ya gipsamu nayo inataka skrubu. Na usifunge kenchi wala papi za paa kwa pini. Kule juu kuna upepo na uzito wa mabati, na misumari ya nyundo ina kazi yake.

Inabaki nini? Vingi mno. Mgongo wa kabati, droo, rafu, fremu za picha, akitrevu zinazozunguka fremu ya mlango, dari ya mbao nyembamba zilizopangwa, kiti cha mtoto, sanduku la nyuki. Kwa hayo yote bunduki ya geji 18 inatosha, na ndiyo ninayomshauri mtu aanze nayo. Pini yake ina unene wa milimita 1.2 hivi, na kichwa chake ni kidogo kiasi kwamba tundu linazibwa kwa pati kidogo. Kwenye boksi utaona maandishi kama F30 au F50: F ni aina ya pini, na namba ni urefu wake kwa milimita. Chagua urefu ambao theluthi mbili zake zitaingia kwenye mbao ya chini. Ubao wa juu ukiwa wa milimita 10, F30 inafaa. Lakini pima pia unene wa jumla: ubao wa milimita 10 juu ya fito ya milimita 15 ukipigwa F30 utatoa ncha upande wa pili, na upande huo ndiko viganja vinakoshikia. Pini hizi hazibebi mzigo peke yake. Nguvu ya kiungo inatoka kwenye gundi ya mbao. Kazi ya pini ni kushika mpaka gundi ikauke. Anayelijua hili hapigi pini ishirini pale zinapotosha sita.

Kuhusu hewa, mambo ni machache lakini hayana msamaha. Bunduki ya geji 18 kwa kawaida inafanya kazi kati ya psi 60 na 100, na kikomo chake kimeandikwa kwenye mwili wake. Anza na 80, piga pini kwenye kipande cha mbao ileile utakayotumia, utazame kichwa. Kikibaki juu, ongeza kidogo. Kikizama zaidi ya milimita mbili, punguza. Usipige pini hata moja kwenye kabati lenyewe kabla ya jaribio hilo. Tia matone mawili matatu ya mafuta ya zana za hewa kwenye mlango wa hewa wa bunduki kabla ya kuanza, isipokuwa kama imeandikwa kwamba haihitaji mafuta. Na kila jioni fungua kizibo kilicho chini ya tangi la kompresa umwage maji, hasa kama unaishi Tanga, Mombasa, Unguja au mji mwingine wowote wa pwani, kwa sababu hewa yenye unyevu ikibanwa huacha maji tangini na tangi huoza kutoka ndani bila dalili nje.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, subiri. Anaweza kutokea jirani mwenye nia njema akakwambia kwa fundi wa kuchomelea kuna mtungi wa oksijeni uliojaa. Oksijeni ya mtungi ikikutana na mafuta yaliyo ndani ya bunduki, na cheche ya chuma kugonga chuma, ni mlipuko mikononi mwako. Na mtungi wowote wa gesi una presha inayozidi mara nyingi ile ambayo bunduki imetengenezwa kuihimili. Hewa ya kompresa tu.

Nimesema mbao inauhusu mkono, na hapa ndipo wengi wanapoumia bila kuelewa kilichotokea. Pini imekatwa ncha kama patasi, pande mbili. Ikikutana na kitu kigumu ndani ya mbao haisimami. Inafuata upande ulio laini, inajipinda kama ndoana na kutokea ubavuni mwa ubao. Kwa nje hujaona chochote: umeigandamiza bunduki wima na umebonyeza sawasawa. Msonobari wa Sao Hill ni laini na unapokea pini vizuri, lakini macho yake, yale mabaka ya mviringo ya kahawia pale matawi yalipoota, ni magumu kupita sehemu nyingine zote. Sogea pembeni ya jicho. Mninga unahitaji presha zaidi kidogo. Mkongo ni mgumu kiasi kwamba ni bora utoboe kwa drili nyembamba kwanza, au uache pini kabisa na utumie klampu na gundi. Na mvule una jambo lake la pekee: ndani ya mti huo huota mawe ya chokaa, mengine madogo sana, yasiyoonekana mpaka msumeno uyagonge. Wapasuaji mbao wanayajua kwa meno ya misumeno yaliyokatika. Pini ikigonga jiwe hilo, haiwezekani kukadiria itokee wapi. Kwa mvule, mkono usiwe karibu na kiungo kwa hali yoyote.

Kuna namna ya kuipunguza hatari hiyo. Pini ikijipinda, kwa kawaida huelekea kulia au kushoto mwa bunduki, si mbele wala nyuma. Basi unapopiga kwenye ukingo wa ubao mwembamba, shika bunduki ili mwili wake uukate ukingo kama msalaba, usilale kuufuata. Ikijipinda, itapindia ndani ya urefu wa ubao badala ya kutoboa uso wake. Jaribu mwenyewe kwenye mabaki: piga pini kumi kwa namna hii na kumi kwa namna ile kwenye ukingo wa ubao mgumu, kisha hesabu ncha zilizotokeza. Jaribio hilo la robo saa linafundisha kuliko ukurasa huu.

Mkono usioshika bunduki, basi, uwe wapi? Kanuni inayofundishwa kwa wajenzi ni sentimita 30 kutoka pale pua inapogusa, na nyumbani ifuate hivyohivyo. Kipande kikiwa kidogo kiasi kwamba huwezi kukishika kwa umbali huo, mkono si kifaa chake. Kifunge kwa klampu. Kama huna klampu, kitie kwenye jiliwa, au kifunge kwa mpira wa baiskeli uliokatwa, kama mafundi wetu wanavyofanya siku zote. Pia usishike kutoka chini, vidole vikiwa vimezunguka nyuma ya kiungo. Huko macho hayafiki, na pini ndefu huko ndiko inakotokea.

Tena kwetu mara nyingi hakuna mikono miwili tu, kuna minne. Mtu hafanyi kazi hii peke yake. Kuna mdogo wake anayeshika ubao upande wa pili, au kijana wa jirani aliyekuja kusaidia, au mama mwenye kabati anayetaka kuona limekaa sawa. Plaiwudi ya milimita 6 haimlindi mtu aliyesimama nyuma yake. Kwa hiyo wekeni utaratibu wa maneno, na usione haya kuufuata hata kama mnajuana tangu utotoni. Anayepiga aseme, "Mikono?" Anayeshika atazame mikono yake, aiondoe kwenye mstari, aseme, "Iko huru, kaka, piga." Bila jibu, hakuna kubonyeza. Kelele za kompresa zikizidi, mwenye kushika ainue viganja vyote viwili vionekane. Nimewahi kusikia wakisema huo ni uoga wa wasiojua kazi. Mimi naona ndiyo adabu ya kazi yenyewe: unamwomba mwenzako akukabidhi vidole vyake.

Macho yavishwe miwani iliyogongwa alama ya Z87 au EN 166, yako na ya msaidizi wako, kwa sababu vipande vya gundi na chuma hurukia pande zote. Masikio yawekwe vizibo. Miguu ivae viatu vilivyofungwa mbele. Ndala haziwezi kusimamisha hata pini iliyodondoka ikasimama kwa kichwa. Na mtoto asiwepo ukumbini wala uani mnapofanyia kazi. Ukienda kula, chomoa mpira wa hewa. Kuiacha bunduki mezani ikiwa imeunganishwa ni kumwachia kazi mtu usiyemjua.

Kazi ya dari nataka niiseme peke yake. Juu ya ngazi mwili wote unatafuta mizani: mkono mmoja umeshika ngazi au ubao, mwingine umeinua bunduki juu ya kichwa, nayo bunduki ikipiga inarudi kuelekea usoni. Mwaka 2012, karibu na jiji la Chicago, mtu mmoja aliyekuwa akijenga banda nyumbani kwake alidhani bunduki imemgonga tu kichwani iliporuka. Aliendelea na shughuli zake. Kesho yake alipopata kichefuchefu na kwenda hospitali, picha ya eksirei ilionyesha msumari wa zaidi ya inchi tatu umo ndani ya ubongo. Madaktari waliutoa, akapona. Alikuwa na bahati ambayo mtu hapaswi kuipangia kazi. Kwa dari, jenga jukwaa la mbao pana la kusimamia miguu miwili, uso usiwe chini ya bunduki moja kwa moja, na kama ni pini chache tu pembeni, tumia nyundo.

Pini zitakwama. Hilo litatokea hata kwa bunduki ghali. Kidole kitataka kubonyeza tena na tena, au kuigongesha pua mezani ili ilegee. Chomoa mpira wa hewa kwanza. Ni kuchomoa mpira wenyewe. Kuzima kompresa hakutoshi, maana tangi bado limejaa. Elekeza pua chini, mbali na miguu, bonyeza triga mara moja ili hewa iliyobaki itoke, toa ukanda wa pini kwenye magazini, kisha fungua kifuniko cha pua na uivute pini iliyopinda kwa koleo. Bunduki inayokwama kila mara ina ulimi uliokatika ncha, au pini za aina isiyo yake. Na bunduki yenye pua ya usalama iliyofungwa kwa waya ili "isisumbue" usiikubali hata kwa kuazima.

Ikitokea pini imeingia mwilini, usiing'oe. Najua ni jambo gumu, kwa sababu ndogo inaonekana kama mwiba. Lakini pini zinashikana kwenye ukanda kwa gundi, misumari mingine ina vishikizo vya plastiki, karatasi au waya, na mabaki hayo huingia nayo. Ukivuta unaweza kuyaacha ndani, au kuchana mshipa wa neva au ukano ambao pini imeupita pembeni. Pini iliyoingia kwenye kiungo cha kidole inaonekana tundu dogo tu kwa nje, na ndani yake unaanza uambukizo unaoweza kukikakamaza kidole moja kwa moja. Zuia damu kwa kitambaa safi bila kuigandamiza pini, vua pete kabla kidole hakijavimba, mkono uwe juu, nenda hospitali yenye eksirei. Uliza chanjo ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo. Na kabla ya kutoka nyumbani, mtume mtu achukue pini moja nzima kwenye boksi lilelile uende nayo mkononi, ili daktari aone urefu wake, ncha yake na kilichopakwa juu yake kabla hajaamua namna ya kuitoa.